Shokomzoba za Jumapili

Walikuwa wameshapita kona ya muuza mkaa, na Karani alikuwa ameinamia usukani kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Gari lilikwenda polepole, linanusa njia. Kila shimo la barabara lilikuwa na jibu lake chini ya sakafu: ngo, kimya kidogo, halafu ngo-ngo.

Kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wake, amebanwa kwa mito miwili, mkono wa kushoto, ule unaochomwa sindano, ameulaza juu ya taulo. Pembeni yake alikaa bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pasi kwa sababu ya kazi yake ya kunyoosha nguo kwa dobi. Bi Pasi alikuwa amekishika kiwiko cha mama yake kila gari linapozama, kana kwamba anaweza kulibeba shimo kwa mkono.

"Mwambie mwenzio," mama alisema, "hiyo siyo bampa inayogonga. Hiyo ni boljointi, kile kifundo cha gurudumu. Ya mbele, kushoto."

"Umesikia?" Bi Pasi aliuliza.

"Mwambie mama nimesikia," Karani alisema, ingawa mama alikuwa nyuma yake hatua moja tu. "Nililiangalia jana. Ni kile kikinga tope kimelegea."

"Mwambie kikinga tope hakigongi usukani."

Ndivyo walivyozungumza tangu ndoa ifungwe, miaka kumi na mmoja sasa. Mkwe na mkwe hawakurushiana neno uso kwa uso. Ilikuwa heshima, na pia ilikuwa salama, maana kila neno lililopitia kwa Bi Pasi lilinyooshwa kwanza kabla ya kufika. Lakini ndani ya gari lile dogo hapakuwa na nafasi ya kunyoosha kitu. Neno lilitoka nyuma likiwa na makunyanzi yake yote na likamfikia Karani kisogoni.

Mama hakuwa mtu wa kubahatisha. Marehemu mumewe alikuwa makenika, na gereji yake ilikuwa uani, kati ya jiko na kamba ya nguo. Miaka thelathini na minne alipika huku akisikia magari yakiumwa. Bi Pasi naye alikulia pale pale, akiosha nati kwa mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa. Karani alikuwa karani kweli, wa ghala la saruji, mpaka ghala lilipofungwa. Boliti alizijua kwa hesabu yake kwenye karatasi.

Walifika hospitali saa mbili kasoro dakika ishirini. Muuguzi wa chumba cha kusafisha damu alikuwa amesimama mlangoni na daftari.

"Saa moja na nusu ni saa moja na nusu, mama."

"Ni gari, dada," Bi Pasi alisema. "Halikimbii tena."

"Kila mtu hapa ana gari, au ana mvua, au ana mtoto mgonjwa. Mimi nina mashine tisa, na nina watu kumi na saba wanaosubiri mmoja wenu asije." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotisha. "Hii ni mara ya pili. Ya tatu sitauliza. Jumatatu saa moja na nusu awe kwenye kiti. Asipokuwepo, nitamwita anayefuata, na kiti kitakuwa chake."

"Na sisi?"

"Ninyi mtarudi mwisho wa foleni."

Bi Pasi alitazama orodha iliyobandikwa ukutani. Majina kumi na saba. Alihesabu tena, labda angepata kumi na sita.

*

Jumamosi mchana alitoka kwa dobi na vidole vimevimba kwa mvuke, akamkuta mumewe kwenye gereji ya Fundi Kipara. Gari lilikuwa juu ya jeki. Fundi alilishika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto.

"Karani," alisema Fundi Kipara, "mmekuwa mkimpeleka mgonjwa na kitu hiki?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri magari yao walisogea kuona.

"Boljointi zote mbili kwisha. Bushi, zile raba zake, zimekuwa uji. Shokomzoba zimevuja mpaka zimekauka. Hili likikatika ukiwa kwenye mwendo, tairi linalala kifudifudi na ninyi mnalala nalo."

"Litakuwa tayari lini?" Bi Pasi aliuliza.

"Jumatatu mchana."

"Tunalihitaji Jumatatu alfajiri."

"Basi mngelileta Jumatatu iliyopita, shemeji." Akataja bei, ya spea na ya ufundi. Mmoja wa wale waliosubiri akapiga mluzi mdogo, wa huruma, na huruma hiyo ilimwingia Karani vibaya kuliko bei yenyewe.

Karani alisema, "Spea nitanunua. Kufunga nitafunga mwenyewe, kesho, nyumbani."

"Karani, shokomzoba hazifungwi kwa stepla."

Walicheka wote, hata aliyepiga mluzi. Karani akatabasamu nao, na Bi Pasi aliliona lile tabasamu likimkauka midomoni.

"Hata wewe hukuzaliwa na spana mkononi," Karani alimwambia fundi.

"Kweli. Haya, vyuma vya kubania springi unavyo?"

"Ninavyo."

Hakuwa navyo. Bi Pasi alijua kila kilichokuwa chini ya kitanda chao: bisibisi mbili, koleo, jeki ya gari na spana za kuazima. Alifungua mdomo. Akawaona wale wawili wanaosubiri, akaona shati la mumewe alilolinyoosha mwenyewe asubuhi hiyo, la ghalani, lenye mfuko wa kalamu. Akaufunga.

Pesa ya spea ilitoka kwenye kopo la kodi ya nyumba. Ilitosha, na ikabaki ya kununulia mkate. Teksi ya Jumatatu haikuwemo. Na hata ingekuwemo, hakuna dereva wa teksi aliyekubali kushuka bonde lao kabla ya kupambazuka; barabara ile iliwavunjia magari na wao waliijua. Basi nalo lilikuwa na ngazi tatu ndefu, na mama hakuweza tena kupanda hata moja.

*

Jumapili miguu ya mama iliamka imevimba. Siku mbili za mwisho wa wiki ndizo zilizomjaza maji. Ijumaa alitoka mwepesi, Jumapili viatu havikumwingia. Bi Pasi alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale, halikujaa. Alimtoa nje, akamweka kwenye kiti cha mikono karibu na mlango, kwa kuwa ndani alisema anakosa pumzi.

Karani alianza saa mbili asubuhi. Alitandaza gunia, akapanga spana kwa ukubwa, akaweka pembeni karatasi iliyotoka kwenye boksi la shokomzoba na kuikandamiza kwa jiwe. Alipandisha gari kwa jeki, akaleta matofali mawili ya saruji.

"Mwambie mwenzio tofali la saruji halikohoi kabla ya kupasuka," mama alisema. "Aweke gogo."

"Mama anasema ingefaa gogo," Bi Pasi alisema.

Karani alileta magogo. Hadi hapo mambo yalikwenda.

Jirani, muuza mayai, aliegemea ua akila karanga. "Karani! Hilo gari unalizalisha au unalizika?"

"Wewe kaangalie kuku wako."

"Kuku wangu wana shokomzoba nzuri, bwana. Wanaruka wanatua, husikii ngo."

Bi Pasi alicheka bila kutaka. Hata mama alitikisika mabega. Ilikuwa mara ya mwisho siku hiyo.

Boliti za upande wa kushoto zilikuwa zimeshikwa na kutu. Karani alining'inia kwenye spana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Moja ilichukua saa nzima. Alipotoa mkono wa chini wa zamani, kile chuma kinachoshika gurudumu, boljointi yake ilichomoka yenyewe ikaanguka kwenye gunia, kama embe lililoiva. Wote watatu waliitazama. Juzi walikuwa wamekaa juu ya kitu hicho.

Ilipofika saa saba mchana alikuwa ameitoa shokomzoba ya kushoto nzima, pamoja na springi yake iliyojikunja kuizunguka. Aliibana katikati ya magoti. Ili kuweka mpya ilibidi springi ivuliwe, na ili ivuliwe ilibidi nati ya juu, ile ya katikati inayoizuia isifyatuke, ifunguliwe. Karatasi ilionyesha nati hiyo, na mshale. Haikuonyesha springi, kwa sababu waliochora walidhani msomaji ni makenika.

Karani aliifunga springi kwa waya wa kamba ya nguo. Mizunguko sita. Akakaza kwa koleo.

Bi Pasi wakati huo alikuwa ndani akimchemshia mama maji kidogo, nusu kikombe, kiasi alichoruhusiwa. Alisikia spana ikiuma chuma. Alisikia mama akisema, "Mwambie mwenzio asiiguse hiyo nati," kwa sauti ya kawaida. Akajibu kutoka jikoni, "Nakuja, mama." Maji yalikuwa yanakaribia kuchemka. Alisubiri yachemke.

Spana ikaguguna tena. Na tena.

"We!" mama alipiga kelele. "We mwanamume! Toa uso wako hapo! Toa uso! Unataka kumwachia mwanangu kichwa kilichopasuka?"

Bi Pasi alitoka na kikombe mkononi, kimemmwagikia, wala hakuhisi. Mama alikuwa amesimama. Siku nne hakuwa amesimama bila kushikwa, na sasa alikuwa wima, mguu mmoja mbele, akihema kama aliyepanda mlima. Karani alikuwa amepiga magoti, uso ukiwa juu kabisa ya nati. Waya mmoja ulikuwa umeshakatika. Mizunguko ya nyuzi za nati iliyobaki ilikuwa miwili, labda mitatu.

Karani alirudisha spana taratibu, akaikaza nati kurudi chini, robo zamu, robo zamu. Kisha akailaza shokomzoba juu ya gunia kwa mikono miwili kama kitu kilicholala, akasimama.

Jirani kwenye ua alikuwa ameacha kutafuna.

"Mtu wa gereji yetu," mama alisema, na sasa sauti ilikuwa imeisha, "springi ilimchukua taya. Mwanangu alikuwa mdogo, nilimfunika macho." Akaanguka kwenye kiti.

Karani hakumtazama mkwewe, wala mkewe. Alifuta mikono kwenye suruali, akapita katikati yao, akatoka getini.

*

Gari lilibaki juu ya magogo, upande wa kushoto mtupu. Saa nane na robo. Bi Pasi alikaa kwenye ngazi ya mlango na kuyafikiria mambo mawili kwa zamu: kwamba angetoka jikoni alipoitwa mara ya kwanza, na kwamba jana, gerejini, angesema neno moja tu. "Hatunavyo." Lingemgharimu nini? Kicheko cha watu wawili asiowajua.

"Amekwenda wapi?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Nimemvunjia heshima."

"Umemwokoa uso, mama."

"Hivyo ni vitu viwili." Alikuwa anavuta pumzi kwa vipande. "Mwanangu, kukaa hapo hakufungi boliti. Upande wa kulia haujaguswa."

"Nitaweza?"

"Uliweza una miaka tisa. Inuka."

Alivua kitambaa cha kichwa akafunga kiunoni. Aliingia chini. Harufu ilikuwa ile ile ya uani kwa baba yake, mafuta, vumbi na chuma moto, na mikono yake ilikumbuka kabla yake. Upande wa kulia ulikuwa mpole kuliko wa kushoto. Mama alisema kutoka kitini, na neno lilikwenda moja kwa moja: fungua hiyo kwanza, ile iache, gonga pembeni, usigonge juu, sasa vuta kama unamvuta mbuzi. Mkono wa chini wa zamani ukatoka. Mpya ukaingia.

"Boliti za bushi usizikaze."

"Nazikumbuka."

"Sema kwa nini."

"Kwa sababu gari liko hewani. Nikikaza hivi, raba inashika ikiwa imenyongwa. Likishuka chini inajikamua, na baada ya wiki inachanika."

"Haya. Zishikize tu. Tutakaza likishakanyaga."

Lakini bila springi halingekanyaga. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Bi Pasi alimuuliza muuza mayai kama ana mtu mwenye pikapu. Muuza mayai alimpigia shemeji yake, simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena, shemeji alikuwa safarini mpaka Jumanne. Hakutania. Alirudi uani akasema pole, na Bi Pasi akaona bora angetania.

Alikwenda mpaka getini. Barabara ilikuwa tupu, mashimo yake yamejaa kivuli. Kulikuwa na kilabu cha pombe juu ya kilima, na mumewe hakuwa mnywaji, lakini kila mnywaji alianza siku moja. Alirudi. Alibonyeza mguu wa mama. Shimo lilikuwa refu zaidi.

"Usinibonyeze kila saa," mama alisema. "Mimi siyo tairi."

Saa kumi na dakika kumi geti liligonga. Karani aliingia na vyuma viwili virefu vyenye ndoano, vimepakwa grisi, amevikumbatia kifuani juu ya shati la ghalani. Magoti ya suruali yake yalikuwa meusi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kile kiti cha mikono na kusimama.

Bi Pasi alingoja aambiwe, "Mwambie mama."

"Mama," Karani alisema, "nimepata vibanio. Niambie pa kuanzia."

Mama alinyoosha kidole kwenye springi. "Kimoja huku, kingine upande wa pili, vitazamane. Zungusha hiki kidogo, halafu kile kidogo. Usikipendelee kimoja."

"Fundi Kipara kakupa?" Bi Pasi aliuliza. "Kwa kiasi gani?"

"Kaniazima."

"Bure?"

"Nishikie hapa," alisema, naye akashika.

Springi ilijikunja milimita kwa milimita, ikilalamika. Kila zamu Bi Pasi alifumba macho. Nati ya katikati ilipofunguliwa mara ya pili, ilitoka kimya, ikaviringika kwenye gunia, na springi ikakaa bwete kwenye vibanio vyake. Walifunga mpya. Walifanya ya kulia. Mwanga ulikuwa unakuwa mwekundu waliposhusha gari, likakanyaga, wakaingia chini wote wawili, kila mmoja upande wake, wakakaza bushi huku mama akihesabu kwa sauti boliti walizotaja, asiruke hata moja.

Moja haikutajwa. Alihesabu kumi na tatu, akasema, "Iko ya kumi na nne." Waliitafuta. Ilikuwa ya kulia, ya nyuma; Bi Pasi alikuwa ameishikiza kwa vidole akaisahau.

*

Jumatatu waliondoka bado giza jembamba. Gari halikugonga. Usukani ulikaa upande, kama kofia ya mlevi, lakini gari lenyewe lilikwenda mbele. Kwenye kila shimo Bi Pasi alisubiri ngo, na kutoisikia kulimtisha pia. Karani alisimama mara mbili njiani, akashuka na tochi, akashika nati zote za tairi kwa mkono, akapanda tena. Kwenye mzunguko wa sokoni lori lilikuwa limelala, na foleni ikasimama. Saa moja na dakika tano. Na kumi. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Pita pembezoni," alisema.

"Kuna mtaro, mama."

"Ndiyo maana mmefunga shokomzoba."

Alipita pembezoni. Gari lilizama kwenye mtaro, likainuka, likatulia. Watu waliokuwa kwenye foleni waliwapigia honi kwa wivu.

Saa moja na dakika ishirini na sita Bi Pasi alimwingiza mama yake mlangoni kwenye kiti cha magurudumu, akikimbia. Muuguzi alitazama saa ya ukutani kabla ya kuwatazama wao. Pembeni yake alisimama mwalimu mmoja, mwembamba, ameshika mfuko wa bluu wenye shuka na chupa ya maji. Alikuwa ameitwa asubuhi hiyo aje akae tayari, iwapo wao wangechelewa. Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Wamefika," muuguzi alimwambia mwalimu.

"Naona," mwalimu alisema. Alisogea ili kiti cha magurudumu kipite. Akasema, "Pole, mama," akimaanisha kweli, na mama akamjibu, "Pole nawe, mwanangu." Bi Pasi hakumtazama usoni. Aliutazama mfuko.

*

Mama alikitumia kiti chake miaka miwili na miezi minne, akafa kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani, siku ya Alhamisi. Ile kodi iliyonunua spea, mwenye nyumba aliwavumilia mwezi mmoja, wa pili akawatolea vitu nje, wakahamia vyumba viwili vya nyuma ya soko, karibu zaidi na hospitali. Fundi Kipara hakuviazima vyuma vyake bure. Jumapili ile alimtaka Karani aseme mbele ya watu waliokuwa kwake mezani kwamba kazi imemshinda, kisha aifagie gereji na kuisugua sakafu yake kila alfajiri kwa mwezi mzima, na Karani akaanza siku ile ile, kwa magoti. Bi Pasi aliambiwa kwamba mumewe anatoka mapema kutafuta kazi. Alikuja kuyajua hayo msibani, kutoka kwa mke wa fundi. Baada ya mwezi Karani alibaki pale, dirisha la spea, na yuko mpaka leo. Bi Pasi bado ananyoosha nguo kwa dobi, na Jumapili hufunga bushi za majirani, wengine hulipa. Gari lilikwenda miaka mitatu, likauzwa kwa muuza mayai.

Mwalimu hakupata kiti. Kilipopatikana kimoja, wiki ya sita, muuguzi alipiga simu, ikapokewa na mjane wake.